Honi Iliyolia Nkunga

Mgongo wangu umestaafu kabla yangu. Mimi bado niko kwenye miaka ya arobaini, meno yangu yote ninayo, lakini daktari aliitazama picha ya uti wa mgongo akaniuliza kama niliwahi kuanguka kutoka ghorofani. Nikamwambia hapana, nimeendesha malori. Akasema ni kilekile, tofauti ni kwamba mimi nimeanguka polepole. Basi nimerudisha funguo. Vijana wa pale tunapopakilia ndizi wameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijaanza kusahau au kuongeza chumvi. Kuongeza chumvi nilianza zamani. Kusahau, bado.

Habari za nani alipewa lori jipya na nani aliachwa na la zamani sitaziandika, maana hizo mnazizungumza vizuri zaidi yangu. Nitaanza Kiwira, barabarani, siku niliyopata kazi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yalikuwa ya mtu aliyetazama sana dirishani. Baba alitaka nibaki nyumbani nichume chai. Mimi makalio yangu hayakuwahi kukubaliana na kiti wala kilima kimoja. Asubuhi hiyo lori lilikuwa limeegeshwa kando ya magenge, limeandikwa juu ya kioo BADO KIDOGO, na dereva wake, Mzee Ambokile, alikuwa anakula ndizi za kuchoma huku akilitazama tairi kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Gwe kijana," akaniita bila kugeuka. "Unajua kuruka?"

"Kuruka kwenda wapi?"

"Chini. Kupanda juu ya gari kila mtu anajua."

Nikamwambia najua. Akanipa gogo la mti mgumu, limechongwa upande mmoja kama shoka butu, limefungwa kamba. Hiyo ndiyo kabari. Kazi ya utingo wa malori ya milimani ni hiyo: lori likishindwa mlima, au likianza kwenda bila ruhusa, unaruka na kabari yako na kuisukuma chini ya tairi kabla tairi halijakuzoea. Kupakia, kupakua, kugonga bodi na kutukanana na wapakiaji ni mapambo tu. Pigo moja kwenye bodi, simama. Mapigo mawili, twende. Mzee Ambokile alisema ndani ya lugha hiyo ya maneno mawili kuna elimu yote ya barabara, na mimi niliyetoka kufeli masomo yenye maneno mengi nilifurahi sana.

Siku hiyohiyo tukateremka Kyela. Nilikaa juu ya shehena ya ndizi, nimezungukwa na majani, na pale mteremko unapofunguka nikaliona Ziwa Nyasa chini kabisa. Sikujua kwanza ni kitu gani. Nilidhani mbingu imeanguka upande ule na watu wa Kyela hawajaambiwa. Nimepita pale mara nyingi kuliko nilivyoingia kanisani, na hadi mwaka huu nilipoacha kazi kila nikifika nilikuwa nafunga mdomo. Utingo wangu wa miaka ya mwisho alikuwa akidhani naomba dua.

Kuanzia hapo nikaanza kuzurura kwa leseni. Nilikwenda Sumbawanga na mahindi, Songea na mbao, Tunduma na vitu ambavyo hatukuambiwa ni nini. Nilibeba makaa ya mawe mpaka mama yangu akanipita stendi bila kunitambua. Nilipanga vyumba katika miji mingi, na kila mji niliuona una kasoro moja: nilikuwa nimeshafika. Lakini nikiwa mbali, mvua ikianza kunyesha tu, nilikumbuka Tukuyu, ambako mvua haianzi wala haiishi, inapumzika tu ili watu waanue nguo. Nikarudi. Nikaondoka. Nikarudi.

Nilipopata leseni yangu mwenyewe nilikuwa mjinga wa kiwango cha juu. Tulikuwa madereva kadhaa tulioona kuwa gia ni za wazee. Mteremkoni tuliweka nyutro, tukaliacha lori lijiendee, tukaimba. Mzee Ambokile alikuwa amenifundisha sheria moja tu ya mlima, kwamba gia unayohitaji kuupanda ndiyo utumie kuushuka. Mimi niliikumbuka siku moja pale ambapo breki zilianza kunuka kama nyama iliyoungua na kanyagio likazama hadi chini bila kunijibu kitu. Lori liliacha lami, likapita katikati ya mikokoa miwili kama lililopima, likaingia kwenye shamba la mpunga na kuzama hadi mlangoni. Nikashuka, maji kiunoni. Mama mmoja alikuwa ameinama anapandikiza mpunga wake, wala hakuinuka.

"Ukimaliza kuoga uondoke," akasema. "Hapo uliposimama ndipo mstari wangu unapopita."

Mzee Ambokile alikuja kunivuta na lori lake. Hakugomba. Alifunga kamba, akanawa mikono, akasema, "Gari halina baba mkwe. Halimwogopi mtu. Wewe ndiye uogope kwa niaba yake." Nimeyasikia mahubiri mengi ya usalama barabarani tangu siku ile, mengine na chai na vitafunio, lakini hayo ndiyo yaliyonitoa kwenye nyutro.

Ninyi mliokuja na kazi huku kutoka Tanga na Singida, msidhani mzee alikuwa anatania. Kwetu Wanyakyusa, hasa wa zamani, mke wa kijana hamwangalii baba mkwe wake, na baba mkwe hamwangalii yeye. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani hadi mwenzake apite. Hawaketi chumba kimoja. Na jina lake mwanamke halitaji kabisa. Si dharau wala ugomvi. Ni heshima iliyokolea mpaka ikawa kama uzio. Wazee waliamini kwamba ukiuvunja, unaokuja kuumia ni uzazi. Mjini siku hizi utaona mkwe na baba mkwe wanatazama mpira pamoja. Juu kule kijijini Nkunga, wakati ninaousimulia, uzio ulikuwa bado umesimama.

Kisa cha Nkunga sijawahi kukisimulia kijiweni. Mzee wa huko anayehusika sasa ametangulia, na Atupele, yule mama aliyekuwa katikati ya kisa chote, amenipa ruhusa kwa sharti kwamba nisimfanye alie kuliko alivyolia. Nitajitahidi.

Utingo wangu wakati huo alikuwa Sadiki, mtu mzima mwenye wake zake na ndevu zake, mwenyeji wa Bagamoyo. Nasema Bagamoyo yetu hii ya Tukuyu, ingawa babu yake alitoka pwani na mashine ya kushonea. Sadiki aliijua kabari kuliko nilivyoijua usukani. Tulikuwa tumepanda Nkunga asubuhi kufuata ndizi. Tukakuta hakuna wapakiaji. Kijiji kizima kilikuwa kimekwenda msibani Kiwira. Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku nyingi, na ukungu ulikuwa umeshuka mzito hadi bampa la lori langu nililiona kwa imani tu.

Tukasikia mama anaita. Alitokea kwenye ukungu ameshika kiuno, akasema mkwe wake ana uchungu tangu jana, na mtoto hataki kuja. Bodaboda walikuwa wamejaribu. Pikipiki ilimwangusha kabla hajafika hata kanisani. Mume wa huyo mkwe alikuwa Chunya machimboni. Tukaegesha karibu na nyumba, tukatupa chini mikungu michache tuliyokuwa nayo, tukamsaidia Atupele kupanda mbele. Alikuwa binti mrefu, amejikunja, anauma ncha ya kanga, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mama mkwe akapanda naye. Nilimtazama Atupele mara moja tu nikaelewa kwamba hapa hatubebi ndizi.

Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka migombani.

"Mama Lugano, mwambie dereva njia imekatika upande wa kushoto, chini ya shamba la chai. Asiende bila mtu mbele."

Mama akanigeukia. "Anasema njia imekatika kushoto, chini ya shamba la chai. Usiende bila mtu mbele."

"Nimesikia, mama."

"Najua umesikia. Lazima nikwambie mimi, maana amesema na mimi."

"Yuko wapi?"

"Hayupo," akasema mama. "Nyuma ya mgomba ule."

Huyo ndiye alikuwa Mzee Lusajo, baba mkwe. Hakwenda msibani kwa sababu ya mkwe wake, na hakuingia nyumbani kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa amesimama kwenye mvua tangu alfajiri, nyuma ya mgomba, akipokea habari za mjukuu wake kupitia kwa mkewe. Jina lake ndilo neno letu la baraka. Mama Lugano aliniambia baadaye kwamba watu wakisali kwa Kinyakyusa kanisani, wakifika kwenye neno hilo, Atupele alifunga mdomo. Aliruka baraka, akaendelea na amina.

Kwa kawaida kwenye ukungu utingo anatembea mbele. Lakini mteremko ule ulikuwa utelezi mtupu, na Sadiki alitakiwa nyuma, kando ya tairi, na kabari mkononi. Mzee Lusajo akalimaliza hilo kwa kupitia kwa mkewe: yeye atatangulia. Barabara ile aliichimba na wenzake wa rika lake, kila jiwe walilipa jina. Alijifunika salfeti jeupe, gunia la nailoni, mgongoni ili nimwone. Atupele alifunikwa kanga kichwa chote ili asimwone. Na mzee aliapa kutogeuka nyuma hata akiitwa na malaika, maana aliyekaa mbele ya lori angekuwa uso kwa uso naye.

Sadiki akaenda kumfundisha lugha yetu. "Babu, pigo moja simama, mawili twende."

"Nimesimama kabla wewe hujazaliwa," mzee akamjibu, na akaanza kutembea.

Sijawahi kuendesha vile, na nimeendesha vingi. Mbele yangu hakukuwa na barabara, wala mlima, wala dunia. Kulikuwa na weupe, na ndani ya weupe kuna weupe mwingine mdogo unaotembea. Salfeti likienda kulia, nakwenda kulia. Likipunguza, napunguza. Mkono mmoja wa mzee ulikuwa unainuka kuonyesha shimo, unashuka. Shingo yake haikugeuka hata kidogo. Nyuma yake kulikuwa na tani za chuma zinazopumua, juu ya matope, mkononi mwa mtu aliyewahi kuegesha kwenye mpunga, na alitembea kama anayekwenda kuchota maji. Kando yangu Atupele aliguna ndani ya kanga, na mama mkwe akawa anamsimulia njia kama mtu anayemsomea kipofu: sasa tumepita kwa mwalimu, sasa tumepita mfereji.

Chini ya shamba la chai lori likaondoka.

Halikwenda kwa kasi. Utelezi wa Rungwe hauna haraka. Unakuchukua kama mjomba anayekupeleka shule. Nilikuwa kwenye gia ya kwanza, nimekanyaga breki, magurudumu yamesimama kabisa, na bado tunakwenda. Sadiki akagonga bodi pigo moja kwa nguvu zake zote, maana aliona mzee yuko mbele yetu. Alitaka kusema kimbia. Lakini kwenye lugha yetu hakuna kimbia. Mzee Lusajo akasikia pigo, akafanya kama alivyofundishwa. Akasimama. Katikati ya njia, mgongo umetuelekea, salfeti limenyooka.

Nikabonyeza honi. Haikulia, maji yalikuwa yameingia. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Mzee, toka njiani!" Mama Lugano naye akapiga kelele kwa Kinyakyusa. Mzee akainua mkono mmoja taratibu, kutuonyesha kwamba tusiwe na wasiwasi, ameshasimama. Wala hakugeuka. Ninaamini angekanyagwa akiwa hajageuka, na angeona amekufa vizuri.

Kushoto palikuwa na poromoko, kulia ukuta wa udongo. Nafasi ya kumkwepa haikuwepo. Nilimwona anakua ndani ya kioo. Atupele alikuwa ameshaing'oa kanga kichwani. Alimtazama baba mkwe wake, akavuta pumzi, na likatoka.

"Lusajo!"

Sauti ile siwezi kuiandika. Nilisikia kioo kinatetemeka. Nimesikia tairi likipasuka, nimesikia mlima ukiporomoka Kitulo, nimesikia mwanamke mwingine akiniita jina langu lote mbele ya watu. Hiyo ilikuwa zaidi. Ilikuwa sauti ya watu wawili waliokuwa wanataka kuzaliwa kwa pamoja.

Na mzee aliruka. Si kwa sababu ya lori, lori hakuliona. Alikimbia jina lake. Alipanda ule ukuta wa udongo, mzee wa miaka ile, kwa mruko mmoja, kama mbuzi aliyemwagiwa maji, akapotelea kwenye chai. Sisi tukapita juu ya nyayo zake. Sadiki alitupa kabari, ikateleza. Akaitupa tena na kuisindikiza kwa mwili wake, tairi likapanda nusu, likafikiri, likakaa.

 Yakabaki matone ya mvua tu. Kisha Atupele akaanza kulia, na hakuwa analia kwa uchungu.

"Mama, nimeua mtoto wangu."

"Nyamaza."

"Nimemtaja. Nimemtazama na nimemtaja. Tumbo limenyamaza, mama. Limenyamaza."

 Niliuona uso wa Mama Lugano. Alikuwa mwanamke jasiri, lakini jambo hilo alilelewa nalo, na alikuwa ameshika tumbo la mkwe wake kwa mikono miwili kama anayeshika chungu kilichopata ufa.   

Sauti ikatoka kwenye chai, juu yetu.

"Mama Lugano."

"Niko."

"Lori limesimama?"

"Limesimama."

"Kuna aliyeumia?"

Mama akamtazama Atupele. "Mkwe wako anaogopa."

 Nilisikia mzee anapangusa matope miguuni, taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Aogope nini," akasema. "Ni honi tu. Hata mimi ilinishtua."

Sadiki alikuwa ametokea dirishani, uso wote tope. "Honi? Honi ipi, babu, wakati hii..."

"Sadiki," nikamwambia, "angalia kabari."

Akanitazama. Akamtazama Atupele. Sadiki ni mtu wa maneno mengi, lakini hakuna aliyeyameza haraka kuliko yeye siku ile. "Ee, honi," akasema. "Honi hii ni kali sana. Watu wengi wanailalamikia."

Mama Lugano akamgeukia Atupele, na sauti yake ikarudi mahali pake. "Umemsikia baba yako? Amesema ni honi. Mwenye jina hakuitwa. Nani mwingine atasema aliitwa?"

Atupele alinitazama mimi, dereva, shahidi aliyebaki. Nikapachika kidole kwenye honi yangu bubu na kusema, "Samahani dada, niliibonyeza kwa nguvu mno." Akanitazama sana. Kisha akacheka, cheko fupi lenye machozi, na katikati ya cheko akashika tumbo, maana lilikuwa limeacha kunyamaza. Akajifunika kanga yake mwenyewe. Salfeti jeupe likashuka kwenye chai, likaturudia mbele, mgongo umetuelekea.

Tulifika lami, mzee akashuka kando tukampita, akabaki kule. Hospitalini Tukuyu wauguzi walimkimbiza Atupele ndani, na sisi tukakaa nje na matope yetu. Mtoto alikuwa wa kike. Sadiki, ambaye alikuwa amejikwangua mbavu zote, alisema ana sauti ya mama yake, na mimi nikaenda kusimama nyuma ya lori kwa muda.

Alasiri Mzee Lusajo akafika kwa mguu. Hakuingia getini. Alisimama upande wa nje wa ua wa michongoma, mahali ambapo mtu wa wodini hawezi kumwona, na mimi nikatoka kumwambia. Alisikiliza. Akauliza kama mtoto analia vizuri, nikamwambia analia vizuri. Akavua kofia, akasimama mvuani kidogo, akaivaa.

"Dereva," akasema, "mimi nimeitwa na watu wengi. Marehemu baba aliniita, wachungaji wameniita, mahakama imeniita. Hakuna aliyewahi kuniita vile."

 Nikamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, tata."

"Kesho katengeneze honi yako," akaniambia, na akaanza kurudi Nkunga.

Niliitengeneza. Fundi alibadilisha hadi waya, ikawa inalia mpaka ng'ambo ya bonde, na niliitumia miaka yote iliyobaki. Kila nilipoibonyeza niliona haijaifikia ile ya Nkunga.